Fundi Anajibu: Tundu la Hedifoni Lililolegea

SWALI: Salamu nyingi kutoka Luanda, Vihiga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na pia ninafundisha kwaya ya kanisa letu. Nina kicheza muziki kidogo cha mfukoni ambacho kwa miaka minane nimekitumia kuwasikilizisha wanakwaya nyimbo mpya, kila mmoja kwa zamu yake. Tangu mwezi wa tatu tundu lake la hedifoni limelegea. Pini ikiingia inachezacheza, na ni lazima niikandamize kwa kidole gumba ndipo sikio la kulia lipate sauti. Nilikunja karatasi nikaisokomeza pembeni mwa pini, ikasaidia kwa wiki mbili tu. Sasa kumezuka jambo la ajabu zaidi: wakati mwingine kinanda na ngoma husikika, lakini sauti ya mwimbishaji hutoweka kabisa, kana kwamba ametoka nje ya chumba. Fundi mmoja sokoni aliniambia kwamba kifaa kimekwisha na ninunue kingine. Je, ni kweli? Maabara ya shule jirani ina chuma cha kulehemu, nami sina woga wa kujaribu.
Mwalimu wa kwaya, Luanda

JIBU: Mwalimu, kifaa chako hakijaisha. Hilo la mwimbishaji kutoka chumbani limenifurahisha mno, kwa sababu linanionyesha njia iliyokatika hata kabla sijagusa skrubu moja.

Ichukue pini ya hedifoni uitazame penye mwanga. Utaona imegawanywa na mistari miwili myeusi katika sehemu tatu: ncha, kisha pete nyembamba, kisha shina. Umeme wa sauti huingia sikio la kushoto kwa njia ya ncha, na la kulia kwa njia ya pete, kisha wote hurudi kwenye kifaa kwa njia moja ya pamoja, yaani shina, ambalo sisi mezani huliita graundi. Njia hiyo ya kurudia ikikatika, umeme hukosa pa kupita, ukazunguka kutoka spika ya sikio moja hadi spika ya sikio la pili, na unachosikia hapo si wimbo wenyewe bali ni ile tofauti iliyopo kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Studio nyingi humweka mwimbishaji katikati, sauti yake ikiwa sawasawa kila upande, na vitu vilivyo sawa vikitolewa kimoja kwa kingine hakibaki kitu. Kinanda na ngoma zilizotandazwa kushoto na kulia hazilingani pande zote, kwa hiyo hubaki. Ukitaka kuhakikisha, cheza rekodi iliyonaswa kwa maikrofoni moja, pande zote zikiwa na sauti ileile, wakati mwimbishaji ametoweka: utasikia karibu kimya kitupu.

Kwa hiyo una matatizo mawili yanayofanana chanzo. Unapokandamiza pini ili sikio la kulia lisikike, njia ya pete ndiyo inayoguswa na kuachwa. Mwimbishaji anapotoweka, ni graundi. Kabla ya kulilaumu tundu, hata hivyo, nakuomba uwe na subira ya robo saa, kwa maana nimewaona watu wengi wakifungua kifaa kizima huku ugonjwa umo kwenye waya.

Jambo la kwanza kabisa, na hili usilirukie: nakili nyimbo zako zote kwenye kompyuta au kadi nyingine leo hii, wakati kifaa bado kinawaka. Ukiteleza baadaye, upoteze kifaa bila kupoteza kwaya.

Sasa azima hedifoni nyingine iliyo nzima na uijaribu. Ikiwa tatizo limeondoka, ugonjwa ulikuwa kwenye hedifoni yako, na mara nyingi huwa pale waya unapoingia kwenye pini, mahali ambapo hukunjwa kila siku. Ikiwa tatizo limebaki, ishike pini isitikisike kisha uutikise waya. Halafu ushike waya na uitikise pini peke yake. Sauti ikikatika pini inapotikiswa, basi umelifikia tundu. Kama maabara hiyo ina mita ya kupimia umeme, gusisha waya zake mbili, moja kwenye ncha na nyingine kwenye shina la pini ya hedifoni: hedifoni ndogo nyingi nzima huonyesha kama omu 16 au 32, na utasikia mkwaruzo hafifu sikioni. Mita isipoonyesha chochote, waya umekatika ndani.

Halafu chungulia ndani ya tundu kwa tochi. Kifaa kinachokaa mfukoni hukusanya nyuzinyuzi za nguo, na kila unapoingiza pini unazishindilia chini, hadi zinakuwa donge gumu kama kitambaa kilichokanyagwa. Pini ikikutana na donge hilo haizami hadi mwisho, na kwa sababu haijazama, ndimi za chuma zilizomo ndani haziikamati mahali pake, nayo hucheza na kuchomoka kirahisi. Sehemu ya pini inayoingia tunduni ina urefu wa takriban milimita 14. Ikiwa unaona chuma kikibaki nje baada ya kuisukuma, shuku donge kwanza. Zima kifaa, chukua kijiti cha meno cha mbao, si sindano wala pini ya nguo, ukikwangue polepole kwenye ukuta wa tundu huku umekiinamisha kifaa ili uchafu udondoke nje. Sindano hukunja zile ndimi, na ulimi uliokunjwa haurudi. Nimeshawahi kutoa donge lenye ukubwa wa punje ya mtama katika kifaa ambacho mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa nacho, kikapona papo hapo bila kutumia solda, ile bati ya kulehemea, hata chembe.

Kwa maelezo yako, lakini, nadhani utalazimika kukifungua. Karatasi iliyosaidia wiki mbili inaniambia kwamba kilichokuwa kikitikisika si pini pekee bali ni tundu zima, limeachana na bodi, yaani kile kibao cha ndani kinachobeba vipuri vya umeme.

Chukua karatasi nyeupe, uchore umbo la kifaa, na kila skrubu unayoitoa uibandike kwa gundi ya karatasi mahali ulipoitoa, kwa kuwa skrubu ndefu ikirudishwa penye ya fupi inaweza kutoboa bodi. Piga picha kila hatua kwa simu. Ganda likiwa limebanwa kwa meno ya plastiki, lifungue kwa kadi ya zamani ya benki badala ya kisu. Ukishaona betri, ichomoe kabla ya kugusa kingine chochote. Betri hizo bapa za lithiamu zina volti 3.7 za kawaida, na hufika volti 4.2 zikijaa, hazitishi kwa umeme wake, bali kwa moto wake zikitobolewa au zikichomwa. Ikiwa imevimba, usiendelee, mpelekee fundi.

Sasa litazame tundu lenyewe kwa kioo cha kukuzia, upande ule ambapo miguu yake imelehemiwa kwenye bodi. Kiungo kizima hung'aa au huwa na rangi ya kijivu iliyotulia, na solda yake hupanda mguuni kwa mteremko laini kama udongo uliokusanywa kwenye shina la mhindi. Kiungo kilichokufa huonyesha duara jembamba jeusi linalouzunguka mguu, mfano wa ule ufa unaouona ardhini kuzunguka nguzo ya kibanda iliyotikiswa na upepo msimu mzima. Iguse pini kidogo ukiwa unatazama: ukiona mguu unapanda na kushuka ndani ya duara lake, umeupata ugonjwa kwa macho yako. Natarajia utaona miguu miwili ya namna hiyo, na wa graundi ukiwa mmojawapo.

Hapa nataka niseme jambo ambalo ningependa kila anayeshika chuma cha kulehemu alikumbuke. Solda si gundi. Kazi yake ni kupitisha umeme, na ni madini laini. Ukiibebesha mzigo wa kuvutwa na kukunjwa kila siku itapasuka tu, hata iwe imewekwa na bingwa. Pini iliyonyooka ikiwa ndani ya tundu, na kishikio chake kimetokeza nje, ni mtaimbo: kila unapokaa kitini kifaa kikiwa mfukoni, mtaimbo huo huing'oa miguu midogo ya tundu kutoka kwenye bodi. Watengenezaji wengine huliwekea tundu vijipini vya plastiki vinavyozama kwenye bodi, au huliegemeza kwenye ganda, ili mzigo ubebwe na plastiki na solda ibaki na kazi yake. Wengine hawafanyi hivyo. Basi anayelehemu miguu upya na kufunga kifaa bila kuuondoa mzigo amefanya nusu ya kazi, na mteja atarudi baada ya miezi michache akilalamika kwamba fundi ni mbaya, na kwa kweli hatakuwa amekosea sana.

Kuhusu kulehemu. Vyuma vingi vya maabara za shule vina ncha nene ya kuunganishia nyaya, na ncha hiyo itayeyusha plastiki ya tundu kabla hujafika mguuni. Tafuta chenye ncha nyembamba, cha wati 25 hadi 40, au kile cha kurekebisha joto ukiweke kwenye nyuzi 350 hivi. Kwanza zoea mkono: chukua bodi ya redio iliyokufa, uyeyushe na kulehemu upya viungo ishirini hadi uone vinateremka vizuri. Kifaa chako kisiwe daftari la mazoezi.

Elewa pia kwamba solda iliyomo ndani ya kifaa pengine si ya aina utakayonunua dukani. Tangu Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya imezuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda vingi duniani vikafuata, hivyo solda yao huyeyuka kwenye nyuzi 217 na zaidi, ilhali ile ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Dawa yake ni rahisi: paka fluksi, ile dawa inayosafisha chuma ili solda ishike, kidogo kwenye mguu, kisha ongeza tone dogo la solda ya bati na risasi juu ya ile ya zamani. Zikichanganyika huyeyuka mapema, nawe hutalazimika kukaanga bodi. Gusa mguu na bodi kwa pamoja kwa ncha ya chuma, hesabu hadi mbili, lisha solda kwenye kiungo badala ya kwenye ncha, iache itiririke kuuzunguka mguu wote, kisha ondoa solda kwanza na chuma baadaye. Usilitikise tundu hadi kiungo kipoe. Sekunde tatu zinatosha. Ikishindikana, acha ipoe halafu urudi. Fungua dirisha, usiivute ile moshi ya fluksi, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, maana risasi ni sumu.

Lehemu miguu yote, hata ile inayoonekana mizima, kwa kuwa imetikiswa pamoja na wenzake. Ukikuta kile kipande cha shaba kilicho chini ya mguu kimebanduka kwenye bodi, usivunjike moyo. Fuata kwa macho njia yake ya shaba hadi kituo kinachofuata, kisha uunganishe mguu na kituo hicho kwa unyuzi mmoja mwembamba wa waya uliofunikwa. Katika vifaa vingi njia ya graundi ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu hupatikana karibu kila pembe ya bodi. Mita ikilia ukigusa mahali hapo na upande hasi wa kituo cha betri, basi ndipo.

Kama miguu yote ni mizima na pini bado inacheza, ndimi za ndani zimechoka na tundu linahitaji kubadilishwa. Litoe, ulibebe mkononi hadi duka la vipuri, kwa kuwa matundu hutofautiana kwa idadi ya miguu na nafasi kati yake, na macho ya kukumbuka hudanganya. Nina kopo mezani lenye matundu niliyoyang'oa katika simu na redio zilizokufa kwa sababu nyingine, nalo limewaokoa watu wengi waliokosa kipuri madukani.

Baada ya kulehemu, uondoe ule mzigo. Koroga kiasi kidogo cha gundi ile ya mirija miwili, upake kwenye mbavu za tundu pale linapokutana na bodi, kwa kijiti, mbali na mdomo wake na mbali na matundu madogo ya ubavuni yanayoonyesha ndimi. Ile gundi ya maji inayoshika mara moja usiikaribishe kabisa: hutambaa yenyewe hadi ndani, ikazifunika ndimi, na hapo tundu limekufa kweli. Iache gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mrija huku pini haimo. Kisha nunua hedifoni yenye pini iliyopinda kama herufi L, kwa kuwa mtaimbo wake ni mfupi, au uache kiunganishi kifupi cha waya kikiwa kimechomekwa daima, kilichofungwa kwa utepe mgongoni mwa kifaa, wanakwaya wachomeke na kuchomoa kwenye kiunganishi hicho. Kikichakaa utakibadilisha bila kufungua skrubu.

Kuhusu fundi wa sokoni, usimhukumu vikali. Kazi hii huchukua saa nzima ya macho na subira, na wateja wengi hawako tayari kuilipia zaidi ya kubadilisha kioo cha simu. Ukiona mkono wako hautulii, nenda Kisumu au Kakamega, utafute fundi anayetengeneza redio na vikuza sauti, umwambie kwa maneno haya: "Lehemu miguu yote ya tundu upya, kisha ulishikize kwa gundi ya mirija miwili." Atakayekuelewa mara moja ndiye. Ukae hapo akifanya.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kinanda: pini ile nene inayoingia kwenye kinanda cha kanisa, yenye milimita 6.35, ndiyo babu wa hii yako ya milimita 3.5, nayo ilianzia kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, ambapo wahudumu waliunganisha wapigaji kwa kuchomeka na kuchomoa siku nzima. Tundu la kinanda likilegea, dalili na dawa ni hizihizi, ila miguu ni mikubwa na kazi ni nyepesi zaidi. Huko ndiko ungeweza kujifunzia.

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi nauza samaki Dunga, Kisumu. Asubuhi nikingoja mitumbwi husikiliza benga na ohangla kwenye kicheza muziki cha zamani alichoniachia kaka yangu. Hedifoni zake ziliharibika, nikatumia za simu yangu mpya. Muziki unasikika mbali, kama umo ndani ya mtungi, na waimbaji hawapo. Lakini nikibonyeza kile kitufe cha kupokelea simu kilicho kwenye waya, waimbaji wanarudi! Nikikiachia wanapotea tena. Tundu limelegea?
Mama samaki, Dunga

JIBU: Sijambo, mama. Tundu lako ni zima, na hedifoni zako ni nzima. Ila hazikuumbiwa kuishi pamoja.

Hesabu mistari myeusi kwenye pini ya hedifoni za simu. Utakuta mitatu, si miwili, yaani pini imegawanywa sehemu nne, ile ya ziada ikiwa ya maikrofoni. Katika hedifoni nyingi za simu za sasa, shina la mwisho ni la maikrofoni, na graundi imesogezwa kwenye pete iliyo mbele yake. Kicheza muziki cha kaka yako hakijui habari za maikrofoni. Ulimi wake wa graundi hutafuta shina la mwisho, ukakuta maikrofoni, kwa hiyo njia ya kurudia inakosekana na waimbaji wanatoweka, kwa sababu ileile niliyomweleza mwalimu wa Luanda hapo juu. Kitufe chako cha kupokelea simu, kikibonyezwa, huunganisha maikrofoni na graundi moja kwa moja. Ndiyo maana unapokibonyeza njia inafunguka na waimbaji wanarudi. Umegundua kwa kidole jambo ambalo wengine hulitafuta kwa mita.

Jaribu kuivuta pini nje kwa upana wa unyuzi tu, milimita moja hivi. Katika vifaa vingi ulimi wa graundi utaangukia kwenye pete sahihi na sauti itakamilika, ingawa haitadumu ukitembea. Dawa ya kudumu ni kununua hedifoni zenye pini ya mistari miwili, ambazo ni za bei ndogo kuliko za simu. Usikubali mtu akifungue kifaa hicho.

Nikuongezee moja kwa sababu ya mahali ulipo. Mikono yenye maji ya samaki na chumvi ya jasho, pamoja na unyevu wa ziwani, huota kutu ya kijani kwenye pini na kwenye ndimi za tundu. Futa pini kwa kitambaa kikavu kabla ya kuichomeka. Kutu ikishaanza, lowesha kidogo pamba iliyozungushwa kwenye kijiti kwa spiriti safi ya isopropili, uizungushe tunduni kifaa kikiwa kimezimwa, kisha ukiache wazi hadi kesho. Spiriti ya duka la dawa ina maji ndani yake, hivyo ukiitumia hiyo usiwe na haraka ya kuwasha.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Nakuru. Nina redio ndogo ya kadi yenye spika yake. Tangu nilipochomoa hedifoni juma lililopita, spika haitoi sauti kabisa, lakini nikichomeka hedifoni nasikia vizuri. Spika imeungua?
Mlinzi, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, spika iliyoungua huwa haingoji mtu achomoe hedifoni ndipo ife. Ndani ya tundu la redio kama yako mna swichi ndogo: ulimi mmoja hulalia kipande kingine cha chuma na kupeleka sauti kwenye spika, na pini ikiingia huuinua ulimi huo ili spika inyamaze. Ulimi wako umebaki umeinuliwa, au kuna vumbi lililokaa kati yake na mwenzake. Mji ambao jina lake husemwa kwamba linatokana na neno la Kimaasai la vumbi hauwezi kuzionea huruma swichi za namna hiyo.

Zima redio, chomeka pini na uichomoe mara ishirini au thelathini kwa kuizungusha. Msuguano huo husafisha vyuma vyenyewe. Isipotosha, tia tone moja la spiriti ya isopropili kwenye pini, urudie, uiache ikauke vizuri, ndipo uwashe. Mara nyingi sauti hurudi hapo. Ikikataa, fundi afungue na kuusukuma ule ulimi kwa ncha ya kijiti hadi ulale tena kwenye mwenzake, lakini ulimi uliokwisha kupoteza nguvu utainuka tena, na hapo tundu libadilishwe. Mtu akipendekeza kuziunganisha nyaya za swichi hiyo moja kwa moja, ujue kwamba spika italia daima, hata ukiwa na hedifoni masikioni. Kwa kazi yako ya usiku, karibu na watu waliolala, sidhani kama itakufaa. Baada ya hapo ziba tundu kwa kipande cha raba unapokuwa hutumii hedifoni, ila kiwe kifupi kisifike kwenye ndimi, kisije kikainua ulimi uleule tuliotoka kuulaza.

SWALI: Fundi, shikamoo. Ncha ya pini imekatikia ndani ya kicheza muziki cha mjomba. Hajui bado. Niko kidato cha pili, Bungoma.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisukume kitu chochote ndani, na usitie gundi kwenye kijiti ukitumaini kuivuta, kwa sababu gundi itashika tundu kabla ya kushika ncha. Katika matundu mengi upande wa nyuma uko wazi: kifaa kikifunguliwa na betri ikachomolewa, ncha husukumwa kutoka nyuma kwa waya butu, ikatoka yenyewe mbele bila kuumiza ulimi wowote. Ni kazi ya dakika kumi kwa fundi mwenye bisibisi ndogo. Lakini kifaa ni cha mjomba, kwa hiyo mwambie leo, kabla hajachomeka pini nyingine akaishindilia ile ncha ndani zaidi.